Ukucha wa Mjomba

Kona ya tatu baada ya daraja, pale ambapo barabara ya kwenda Nyandira inaacha kubembeleza na kuanza kupanda kwa dhati, Noah ilimpiga Ester teke la kwanza. Waliowahi kumiliki Noah za zamani wanajua: injini yake haiko mbele kama ya magari ya watu waliotulia. Iko chini ya viti vya mbele, na anayekaa kushoto kwa dereva huikalia kama kuku anayelalia mayai. Ikifurahi anajua, ikiugua anajua. Asubuhi hiyo iliugua. Likaja teke la pili, la tatu, kisha gari zima likaanza kutetemeka kama mtu aliyevuliwa blanketi, na mifuko ya mbolea kule nyuma ikaanza kuegemeana.

"Imeanza," Ester akasema.

"Nimesikia," mumewe Evance akajibu, mikono miwili kwenye usukani.

"Wewe umesikia. Mimi nimepokea."

Shakila, mnunuzi wa njegere aliyezoea kupanda nao kila Jumamosi, alichomoza kichwa kati ya mbolea na katoni za sabuni. "Shemeji, tushuke tusukume, au tuanze na maombi?"

"Kaa utulie, Shakila."

"Mimi nimetulia. Gari lako ndilo lina degedege."

Evance akanyoosha kidole kwenye kiswichi kidogo kilichobandikwa kando ya usukani, akakibonyeza. Taa ya kijani ikazimika; gari likahama kutoka gesi kwenda petroli. Papo hapo injini ikanyooka, mateke yakakoma, na Noah ikapanda kama vile kikohozi kilikuwa cha jirani.

"Unaona?" Evance akasema bila kumtazama mkewe. "Kwenye petroli haina neno."

Hayo hayakuwa maelezo, yalikuwa mashtaka. Aliyeitaka gesi ni Ester. Ndiye aliyesikia habari zake sokoni, ndiye aliyekwenda kuuliza, ndiye aliyeuza cherehani yake ili mtungi ufungwe nyuma ya gari. Na miezi ya kwanza kila mtu alimsifu, kwa sababu mlima ule ukiupanda na mzigo kwa petroli, gari hunywa faida yote kabla hujafika sokoni. Sifa ni kama maziwa, hazikai. Tangu Noah ianze kumisi na kurusha mateke mlimani, wapagazi wa soko la Mawenzi waliibatiza jina. Ikiingia tu getini mmoja hupaza sauti, "Kikohozi hiyooo!" na wengine hukohoa kwa pamoja, kama kwaya.

Ester akaendelea kuangalia ukungu unavyojiviringisha kwenye migomba. Kwenye petroli kweli haikuwa na neno.

*

Mjomba Castory alikuwa amesimama kando ya barabara, gambuti miguuni, mikono nyuma. Kabla Evance hajazima gari, mzee alikwishaanza.

"Nimeisikia tangu darajani."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimeisikia tangu darajani, nikasema, hiyo ni Noah yangu au ni mgonjwa wa kifua kikuu anapelekwa kituo cha afya?"

"Shikamoo mjomba," Ester naye akashuka, akapiga goti kidogo.

"Marahaba mkwe. Kwenu wanaendeleaje?"

"Wazima, mjomba."

"Kwenye gesi yako je, wanaendeleaje?"

Shakila akacheka, kisha akajifanya anapiga chafya.

Mtu wa kwingine anaweza kuuliza, baba yake Evance yuko wapi kwenye mambo haya? Yupo, mzima wa afya, anafuga nguruwe upande wa pili wa bonde. Lakini kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na msemaji wa ukoo wa mama ni mjomba. Castory aliendesha lori la miwa miaka yote ya nguvu zake, na alipostaafu alinunua Noah akamkabidhi mpwa wake aitumie. Alikabidhi matumizi, gari lenyewe lilibaki mdomoni mwake. Neno lake moja lingeweza kulihamisha.

Na neno hilo alilitoa siku hiyo, mbele ya Shakila na mbele ya watu wawili waliokuja kupokea mbolea.

"Mpwa wangu, mimi sisemi mara tatu. Jumamosi ijayo gari likija hapa linakohoa, ama huo mtungi unatoka, ama gari linabaki. Raphael kaniambia yuko tayari. Yeye hana mke mwenye mawazo mapya."

Raphael ni mpwa mwingine, mtoto wa dada mkubwa. Alikuwa na bodaboda na subira.

"Nimesikia, mjomba," Evance akasema.

"Haya. Inueni kiti."

Hilo nalo lilikuwa la kila Jumamosi, kama sadaka kanisani. Wakashuka wote, kiti cha mbele kikainuliwa, injini ikabaki wazi inafuka joto. Mjomba akavua koti, akamkabidhi Ester. Akachomoa plagi moja baada ya nyingine kwa spana yake mwenyewe, akazipanga kwenye gazeti, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa. Kisha akachukua bisibisi ndogo, akakiinua kidogo kile kijino cha kila plagi, na kupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye nafasi iliyopatikana. Ukucha ukipita, plagi imekubaliwa.

"Cheche lazima ipumue," akasema, kama asemavyo kila mara. "Mtu akibanwa koo ataimba?"

"Hawezi, mjomba."

Evance alisimama pembeni na kitambaa mkononi, kama mtoto anayenyolewa. Ester alishika koti. Hakuna aliyefikiri chochote. Tangu Evance akiwa mdogo, mkono wa mjomba uligusa kila kitu chenye injini katika ukoo ule, na vitu vyenye injini vilishukuru.

Walishuka mlima na kabichi, karoti na njegere za Shakila. Gari likiteremka halibebi taabu, kwa hiyo halikulalamika.

*

Jioni ile, nyumbani Kihonda, Ester alikuwa anamenya vitunguu kwenye kibaraza na Evance ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ndani, watoto walikuwa wanagombania rimoti.

"Nitaitoa," Evance akasema.

"Toa nini?"

"Gesi. Nitawaambia wafungue mtungi, wachukue na mabomba yao. Yaishe."

"Toa. Halafu?"

"Halafu mjomba atatulia."

"Mjomba atatulia, na sisi tutalala njaa kwa utulivu." Akatupa ganda. "Mwenye duka la pembejeo leo kampa mtu mwingine nusu ya mifuko yetu. Unajua kaniambiaje? Anasema, 'Dada Ester, mbolea yangu si ya kutikiswa, si dawa ya kikohozi.' Kanisema mbele ya vijana wake. Nikacheka. Nilicheka mpaka mashavu yakaniuma."

Evance akainamisha kichwa. "Sasa unataka nifanyeje? Ukoo umesema."

"Ukoo haujasema. Mjomba amesema."

"Ndiyo huo huo."

"Kwetu Tukuyu mjomba ni mtu anakuja Krismasi, anakula, anasema watoto wamekua, anaondoka."

Evance akacheka bila kupenda. Kisha akaacha. "Ester, gari linaondoka. Unanielewa? Raphael anakuja kuchukua funguo hapa hapa mlangoni, na mimi nitampa kwa mikono miwili, na nitamwambia karibu chai. Halafu Jumatatu naanza kutafuta mtu wa kuniajiri deiwaka, siku moja moja."

Kitunguu kilimpa Ester kisingizio, akafuta macho.

"Tumpelekee Severin," akasema baadaye. "Mara moja ya mwisho. Na safari hii na mimi naenda, nitakaa pale pale. Mkiwa wawili mnaongea mpira."

*

Severin alikuwa fundi mwenye maneno mengi kuliko spana. Gereji yake ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati chakavu, na mabango matatu yaliyokatazana yenyewe kwa yenyewe: moja lilisema hakuna mkopo, la pili lilisema mkopo kwa makubaliano, la tatu lilikuwa la saluni.

"Mgonjwa wangu karudi!" akapaza sauti Jumanne hiyo. "Mama Gesi naye yupo! Leo tutapona."

"Leo hatuondoki mpaka uione," Ester akasema, akaketi kwenye tairi.

"Dada, mimi nilishaiona. Nilisema ni chujio la gesi."

"Likabadilishwa."

"Nikasema nozeli."

"Zikasafishwa."

"Nikasema plagi, nikaweka mpya. Mara mbili."

"Sasa umebakiza kusema nini, mtungi una roho mbaya?"

Vijana wa gereji wakaangua kicheko. Severin hakukasirika, alikuwa ameshapigwa na maisha makofi makubwa kuliko hayo. Akainua kiti, akawasha injini gari likiwa limesimama, akaanza kuchomoa waya za plagi moja moja huku anasikiliza. Akichomoa wa kwanza, injini inayumba. Akirudisha, inatulia. Wa pili vile vile. Wa tatu. Wa nne.

"Silinda zote zinaitika," akasema. "Hakuna iliyokufa. Ikisimama ni nzima."

"Tuibebeshe," Evance akasema.

Wakapakia viroba vya mchanga, wakaenda nayo mpaka barabara ya Boma, ile inayopanda kuelekea mlimani. Kwenye mwinuko, kwa gesi, mateke yakaanza. Severin, aliyekaa kiti cha Ester, akaruka kidogo. "Ehee! Hii inapiga kweli!" Wakabonyeza kiswichi, petroli; ikapanda laini. Gesi tena, mateke tena.

"Ushahidi huo," Severin akasema wakirudi. "Mtu akigombana na mke mmoja tu, wa pili hana shida, kosa ni la nani? La huyo mmoja. Gesi hiyo. Nimemaliza."

"Fundi," Ester akasema alipowapokea gereji na kuambiwa hayo. "Ukiweka plagi mpya, safari ya kwanza inapanda vizuri. Mara zote mbili ilipanda vizuri. Safari ya pili ndiyo inaanza. Gesi ya safari ya kwanza na ya safari ya pili si moja?"

Severin alikuwa anajifuta mikono. Akaacha.

"Inapanda vizuri safari ya kwanza?"

"Kama mbuzi."

"Mbona hamkusema?"

"Uliuliza?" Ester akasema. "Wewe ulikuwa unajibu tu."

Fundi akazitoa plagi. Akazipanga juu ya kitambaa, akainama, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakusema kitu. Akaingia kibandani, akatoka na kitita cha vibati vyembamba vinavyofunguka kama upepeo, kila kimoja na unene wake. Akachagua kimoja, akakipitisha kwenye nafasi ya plagi. Kikacheza humo kama mtoto ndani ya suruali ya baba yake.

"Hizi nilizibana mwenyewe," akasema polepole. "Kwa mkono huu. Gari la gesi plagi zake zinabanwa. Gesi ni kuni mbichi, haishiki moto kirahisi. Petroli ni kuni kavu. Hata cheche ikiwa dhaifu, ikirukia mbali, inawaka. Sasa nafasi ikiwa pana hivi, na injini imebanwa na mzigo mlimani, cheche inashindwa kuruka. Petroli inasamehe, gesi haisamehi. Ndiyo maana." Akaigeuza plagi kwenye mwanga. "Na plagi haijipanui yenyewe. Tazama, mikwaruzo ya msasa. Nani amezigusa?"

"Hakuna," Evance akasema.

Na hakusema uongo, ndilo jambo la ajabu. Alitafuta kichwani mwake mtu aliyegusa plagi zile, akapita kwa vijana wa gereji, akapita kwa Raphael, akapita hata kwa watoto, na hakumwona mtu. Mkono wa mjomba haukuwa miongoni mwa mikono ya watu. Mvua ikinyesha juu ya bati, nani husema bati limeguswa?

"Hakuna kabisa?" Severin akauliza. "Hakuna anayeinua hiki kiti?"

"Nimekwambia hakuna."

"Mjomba," Ester akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo, na likamtoka kabla hajalipima. Evance akageuka.

"Mjomba gani?"

"Evance. Mjomba."

Walitazamana. Ester aliona jinsi jambo lile lilivyomwingia mumewe, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Kila Jumamosi. Msasa, bisibisi, ukucha. Plagi mpya inapanda mara moja, inafika kwa mjomba, inafunguliwa koo ili iimbe.

Severin akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika kiti, kisha akaziona nyuso zao, akakimeza kicheko kilichobaki.

"Samahani. Basi gesi nimeisingizia bure," akasema. "Nawawekea seti mpya, nazibana. Lakini jamani, mzee aambiwe."

"Usimtaje mzee gereji," Evance akasema kwa ukali. Ukali huo ulimwelekea Severin, lakini aliyelengwa ni Ester.

*

Walikuwa wanarudi nyumbani, wamekwisha kuvuka Msamvu.

"Hakuna wa kumwambia," Evance akasema hatimaye.

"Mimi siwezi. Mimi ni mkwe."

"Mimi je? Nimwambie mtu aliyenifundisha kushika usukani kwamba gari analiua yeye? Ameshatangaza kwa watu ni gesi. Amesema mbele ya Shakila. Unajua Shakila ni redio."

"Kwa hiyo?"

"Nimepata njia. Tunamwachia afungue kama kawaida. Asugue, apanue, afurahi. Tukishuka tukafika darajani, nasimama, nainua kiti, nazibana tena. Nitanunua vile vibati."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Mpaka lini, Evance?"

Evance akabadili gia pasipo sababu.

"Unasubiri afe," Ester akasema.

"Ester!"

"Sijasema mimi. Umesema wewe kwa kunyamaza."

Evance akalimeza neno baya alilotaka kumjibu. Kwa sababu alikuwa amejiona: mtu mzima, baba wa watoto, amepiga magoti kando ya daraja na tochi mdomoni, anarekebisha kwa siri kilichofanywa kwa upendo hadharani. Na alijua jambo jingine ambalo Ester, mgeni wa milima ile, hakulijua sawasawa. Castory hakuwa na mtoto wake. Shamba alikwisha kuwagawia dada zake. Kilichobaki cha kumfanya asimame barabarani na kuwangoja kilikuwa kile kiti kuinuliwa mara moja kwa wiki.

*

Jumamosi Noah ilipanda. Kona ya tatu baada ya daraja ikaja, Ester akajikaza, teke halikuja. Ya nne, ya tano. Taa ya kijani inawaka. Shakila nyuma akawa wa kwanza kulalamika.

"Mbona kimya? Mimi nilishazoea kuamshwa."

Hakuna aliyecheka. Kadiri gari lilivyopanda vizuri ndivyo wenye gari walivyozidi kuogopa.

Mjomba alikuwa pale pale, na safari hii Raphael alikuwa nyuma yake, ameegemea bodaboda, amevaa shati la kwenda mjini.

"Sijaisikia," mjomba akasema. "Nimeiona tu imefika. Mmepanda kwa petroli."

"Kwa gesi, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa gesi?" Akamtazama Evance, akamtazama Ester. "Basi mkono wangu wa wiki iliyopita umekubali. Nilisema mimi. Haya, inueni kiti, nimalizie."

Ester akashika kitasa ili ashuke. Shakila alikwisha kushuka. Evance hakuinuka. Alikaa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya mapaja, na mjomba wake amesimama nje anamngoja. Kukaa mzee akiwa amesimama, watu hawakuwahi kumwona akifanya hivyo tangu azaliwe.

"Leo tusiifungue, mjomba."

"Umesemaje?"

"Nasema leo tusiifungue."

Raphael akaacha kuegemea bodaboda.

Castory akaihesabu fedheha yake, akaona imetimia. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa dereva. "Teremka."

Evance akateremka.

"Mkwe, wewe kaa." Mzee akapanda, akasogeza kiti mbele, akawasha. "Kuna mbolea ya duka la juu humo? Naipeleka mwenyewe. Nataka niisikie."

Njia ya duka la juu ni mwinuko mmoja mrefu usio na huruma, korongo upande wa kushoto, ukuta wa udongo mwekundu kulia. Mjomba aliupanda kwa gia ya kwanza, polepole mno, amejibana upande wa ukuta, midomo imekazwa. Injini ilinguruma chini yao bila kukosea hata pigo moja. Ester alishikilia koti ambalo safari hii hakuna aliyempa. Lilikuwa lake mwenyewe.

Juu, mbele ya duka lililofungwa, mjomba akavuta breki ya mkono. Hakuzima.

"Ni gesi au petroli?"

"Gesi, mjomba. Hiyo taa."

Akasikiliza. "Haina kosa."

"Haina."

"Mmefanya nini?"

Uongo mdogo ulikuwepo, tayari, umeshavaa viatu: fundi kabadilisha kifaa, mjomba, hata hatukielewi jina. Ester akaufikisha mpaka kwenye ulimi.

"Tumezirudisha plagi zilivyokuwa kabla hujazifungua."

Mzee hakugeuka. Mikono yake ilibaki kwenye usukani, mikubwa, yenye makovu ya vyuma.

"Kwa hiyo ni mimi."

Adabu yote aliyofundishwa Tukuyu na aliyojifunza Morogoro ilimwambia aseme hapana.

"Ndiyo, mjomba."

"Lori la miwa nililifanyia hivyo hivyo. Halikuwahi kukosea."

"Lile halikuwa la gesi."

"Unanifundisha, mkwe?"

"Hapana, mjomba. Nakujibu."

Ukungu ukapita mbele ya kioo, ukaenda zake. "Evance alijua?"

"Tangu Jumanne."

"Na hakuniambia."

"Alishindwa. Lakini leo amekukatalia."

"Amenikatalia," mjomba akarudia, na Ester hakuweza kutambua kama sauti ile ilikuwa ya mtu aliyeumizwa au ya mtu aliyepewa kitu. "Mbele ya Raphael."

Akafungua mlango, akashuka, akaanza kuteremka kwa miguu. Aliiacha injini inanguruma na Ester amekaa juu yake, mtu asiyejua kuendesha hata toroli, kwenye mwinuko, na korongo pembeni.

Kutoka pale juu aliwaona wote wawili. Mjomba anashuka, mkono mmoja unapapasa ukuta wa udongo. Evance anapanda, nusu anatembea nusu anakimbia. Walikutana katikati. Mjomba alisimama kwanza, akainua uso, akakaa hivyo mpaka Evance alipomkaribia kabisa. Kisha wakaongea. Muda mrefu aliyeongea alikuwa Evance, ameinamisha kichwa. Mzee alitikisa kichwa mara moja, ikawa vigumu kujua ni ndiyo au hapana. Akampita, akaendelea kushuka.

Evance alifika anahema, akaingia upande wa dereva, akarudisha kiti nyuma.

"Kasemaje?"

"Kasema una mdomo."

"Hilo nalijua. Na gari?"

"Raphael aendelee na bodaboda yake."

Ester akafumba macho, akayafumbua. "Na nini tena? Mmeongea sana."

"Kasema Jumamosi nimpelekee vile vibati vya Severin. Anataka kupima mwenyewe."

"Atafungua tena?"

"Atafungua."

"Na wewe utamwacha? Baada ya yote haya?"

Evance alikuwa anaangalia njia, pale ambapo kofia ya mzee ilikuwa inapotelea kwenye kona.

"Ester, haoni."

"Nani haoni?"

"Mjomba. Tulipokutana hapo kati aliniuliza, 'Ni nani?' Nilikuwa karibu naye kama ulivyo wewe. Nikasema ni mimi. Akasema, 'Nilijua ni wewe.' Hakujua."

Ester akageuza shingo kuelekea kushoto, akalitazama korongo mpaka chini kabisa, kwenye mawe na mto mdogo mweupe.

"Na mimi kanipandisha mpaka huku juu?"

"Kakupandisha. Barabara hii anayo kichwani."

"Yesu wangu." Akashika dashibodi kwa mikono miwili, na kicheko kikamjia, kikamtoka pamoja na machozi, na Evance naye akashindwa kujizuia. Walicheka wawili juu ya injini inayonguruma vizuri, mpaka kikaisha chenyewe.

"Vile vibati vina namba ndogo sana," Evance akasema, akaachia breki. "Nitakuwa namsomea."